YAVUYAVU WA ZIWA TANGANYIKA: MNYAMA WA BAHARI ALIFIKAJE BARA?



Wanafunzi wapendwa, wazazi na walezi, katika toleo la mwaka huu nimeona tutoke kidogo katika mada tulizozizoea za fiqhi na sira, tumtazame kiumbe mmoja anayeishi ndani ya nchi yetu ambaye wengi wetu hatujapata kumsikia. Diploma yangu ni ya masomo ya Kiislamu wala si ya elimu ya wanyama, hivyo nitaeleza kwa lugha ya kawaida, kama ninavyofundisha darasani. Kiumbe huyo ni yavuyavu wa Ziwa Tanganyika.

Yavuyavu, ambaye baadhi ya watu wa pwani humwita konyeza, ni yule mnyama laini kama ute anayeelea baharini akiwa na umbo la mwavuli. Aliyelelewa Tanga, Bagamoyo au Unguja anamjua, na pengine amewahi kuwashwa naye akiogelea. Sisi wa Kilimatinde hatuna habari naye, kwa sababu kutoka hapa mpaka ufukweni ni zaidi ya kilomita 400. Sasa tazama ajabu hii: ukigeukia upande wa pili, ukaenda magharibi kupita Tabora mpaka Kigoma, mahali palipo mbali na Bahari ya Hindi kwa karibu kilomita 1,000, utamkuta yavuyavu anaelea katika maji matamu. Amefikaje huko? Swali hili limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka mia moja, na namna lilivyojibiwa ni somo zuri kwa yeyote anayetaka kujua jinsi ushahidi unavyopimwa.

KWANZA TUMJUE MWENYEWE

Yavuyavu hana mfupa, hana damu, hana moyo wala ubongo. Sehemu kubwa sana ya mwili wake ni maji. Ukimtoa majini ukamweka juani, baada ya muda mfupi hubaki alama tu ya unyevu. Mwili wake umeundwa kwa tabaka mbili nyembamba za seli, moja nje na moja ndani, na katikati yake mna ute mzito. Mdomo wake ni tundu moja tu. Chakula huingilia hapo na mabaki hutokea hapohapo. Pembezoni mwa mwavuli huning'inia minyiri, yaani nyuzi laini za kukamatia, na katika minyiri hiyo mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila kifuko kimekunjiwa ndani yake uzi wenye sumu. Kijidudu kikigusa, uzi huchomoka kwa kasi kama mshale na kukichoma.

Huyu wa Tanganyika, ambaye jina lake la kitaalamu ni Limnocnida tanganyicae, ni mdogo. Upana wake ni kama sentimita mbili hivi, karibu sawa na sarafu. Amekuwa bapa zaidi kuliko jamaa zake wa baharini, na mdomo wake ni mpana sana, umechukua sehemu kubwa ya upande wa chini wa mwili. Sumu yake haimdhuru mwanadamu. Inawatosha wale viumbe wadogo wa majini walio mfano wa chawa ambao ndio riziki yake.

Jambo la kustaajabisha ni uzazi wake. Yavuyavu wengi wana maisha ya namna mbili. Kuna maisha ya kuelea, hayo tuliyoyaeleza, na kuna maisha ya kukaa mahali pamoja yakiwa kama kijiti kidogo kilichoshika kwenye jiwe au jani, ambacho wataalamu hukiita polipu. Polipu huchipua yavuyavu wachanga, na yavuyavu wakikomaa hutoa mayai na mbegu, na kutokana na hayo hupatikana polipu wengine. Polipu wa Tanganyika ni mdogo kiasi kwamba ilipita miaka mingi sana baada ya yavuyavu mwenyewe kujulikana ndipo maisha yake ya kukaa yakaelezwa vizuri, na aliyeifanya kazi hiyo ni Jean Bouillon wa Ubelgiji katika miaka ya 1950. Lakini huyu wa kwetu ana njia ya tatu pia. Yavuyavu anayeelea anaweza kuchipua wengine wadogo kandokando ya mdomo wake bila ya dume wala jike, mfano wa mgomba unavyotoa machipukizi kwenye shina. Ndiyo maana wanaweza kuongezeka kwa wingi katika muda mfupi.

Usiku hupanda karibu na uso wa maji, na mchana hushuka. Hata hivyo hawezi kushuka mpaka chini, kwa sababu Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na oksijeni ipo katika tabaka la juu tu, lisilozidi mita 200 au chini ya hapo. Kuanzia hapo kwenda chini ni maji yasiyofaa kwa mnyama yeyote mwenye kuvuta oksijeni. Kwa hiyo ziwa lote lile kubwa, lenye urefu wa kama kilomita 670 na linalogawanywa na nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, uhai wake karibu wote umo katika blanketi jembamba la juu. Mwaka 2012 watafiti waliandika jambo jingine: ndani ya mwili wa yavuyavu huyu wamo viumbe wadogo kabisa wa kijani wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama yafanyavyo majani. Subhanallah, mnyama asiye na ubongo amebeba shamba lake mwilini.

WAKO WENGINE WANAOFANANA NAYE AMBAO SI NDUGU ZAKE

Hapa nataka kutahadharisha. Si kila kiumbe laini kinachong'aa majini ni yavuyavu. Liko kundi jingine, ambalo vitabu huliita tenofora, neno lenye asili ya Kigiriki likiwa na maana ya wabebaji vitana. Hawa wamo katika bahari zote, ikiwemo Bahari ya Hindi. Ukimtazama mmoja wao ndani ya maji utaona mistari minane mwilini mwake, na kila mstari una safu za vinyweleo vilivyoshikana kama meno ya kitana. Vinyweleo hivyo hupiga maji kwa zamu, safu baada ya safu, mithili ya makasia ya mashua yenye wapigakasia wengi, na mnyama husogea taratibu. Mwanga ukivipiga hugawanyika rangi za upinde wa mvua, na mtu hudhani mnyama huyo anawaka taa. Hana vifuko vya sumu. Wengi wao hukamata chakula kwa seli zenye gundi. Na tofauti na yavuyavu, hawa wana vitundu upande wa pili wa mwili vya kutolea mabaki, ingawa kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba hutumia mdomo peke yake.

Aina zake zinazojulikana ni karibu 200. Wako walio kama punje ya zabibu, wako warefu bapa kama mkanda wa suruali wenye kufika mita moja na zaidi, wako wanaotambaa chini kama konokono, na wako wa jamii ya Beroe wasiokula ila tenofora wenzao, wakiwameza kwa mdomo mpana kama mfuko.

Watu wa sayansi wamebishana sana juu ya ukoo wao. Zamani waliwekwa fungu moja na yavuyavu kwa sababu ya kufanana sura. Baadaye ilipowezekana kusoma chembe za urithi, ikaonekana kwamba kufanana huko ni kwa juu juu tu. Mwaka 2023 ulitolewa utafiti uliolinganisha mpangilio wa kromosomu za tenofora na za wanyama wengine na za viumbe wa seli moja. Matokeo yake yalionyesha kwamba tawi la tenofora ndilo lililotengana kwanza na wanyama wengine wote, hata kabla ya sponji. Ikiwa ni hivyo, basi yavuyavu yuko karibu zaidi kwa ukoo na kuku au mbuzi kuliko na tenofora anayefanana naye! Najua wako wazazi ambao wakiona neno mageuko huingiwa na wasiwasi. Hapa tunazungumzia wanyama wa majini na jinsi koo zao zinavyofuatiliwa. Suala la asili ya mwanadamu lina mahali pake na masheikh wake.

Nimewataja tenofora kwa sababu ya jambo moja kubwa. Katika aina zote hizo karibu 200, hakuna hata moja inayojulikana kuishi katika maji matamu. Zote ni za maji ya chumvi. Yavuyavu naye ni vivyo hivyo kwa sehemu kubwa: aina zilizoingia maziwani na mitoni ni chache mno. Kwa nini inakuwa vigumu hivyo?

Chukua tende kavu uiloweke kwenye maji ya kunywa. Baada ya saa chache utaikuta imevimba. Maji yameingia ndani kwa sababu ndani ya tende mna sukari nyingi kuliko nje. Mnyama laini wa bahari yuko vivyo hivyo, ila kwake ni chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi katika kila lita, na mwili wake una kiasi hichohicho, hivyo ndani na nje ni sawa na maji hayana sababu ya kuingia. Mtumbukize katika Ziwa Tanganyika, ambamo lita moja haina hata gramu moja ya chumvi, na maji yatamwingia kutoka kila upande mpaka seli zipasuke. Samaki ana magamba na figo za kujikinga. Yavuyavu ana ngozi ya seli moja unene wake! Anayeweza kuishi ziwani lazima awe na uwezo wa kuyatoa maji hayo bila kupumzika, usiku na mchana, maisha yake yote. Uwezo huo haupatikani kwa siku moja.

TATIZO LA TANGANYIKA

Sasa turejee kwenye swali letu. Bila shaka wavuvi wa Ujiji na wa kando nyingine za ziwa walikuwa wakimwona kiumbe huyu tangu mababu zao. Ama kwa upande wa maandishi, mtu wa kwanza kumtaja ni Mjerumani Richard Böhm, aliyemwona mwaka 1883. Böhm alikuwa amekuja Afrika Mashariki na msafara uliofuata ile njia ya kutoka pwani kwenda Tabora. Hakuishi kuieleza vizuri habari hiyo. Alifariki mwaka 1884 akiwa Katanga, na maandishi yake yakachapishwa baada ya kifo chake. Mwaka 1893 Mwingereza Robert Günther, akiwa na vielelezo vilivyohifadhiwa, ndiye aliyempa jina la Limnocnida.

Habari hiyo iliwashangaza wasomi wa Ulaya. Ni kweli kwamba miaka mitatu kabla ya Böhm, yaani mwaka 1880, alionekana yavuyavu wa maji matamu mjini London, katika tangi la kukuzia mayungiyungi makubwa kwenye bustani ya Regent's Park. Lakini yule ilieleweka kuwa ameletwa na mimea kutoka nchi nyingine, na baadaye ikajulikana kwamba kwao ni China. Huyu wa Tanganyika hakuletwa na mtu. Yumo katika ziwa lake mwenyewe, katikati ya bara.

Ndipo akatokea John Moore, mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza, akafunga safari mbili kuja ziwani, ya kwanza ikianza mwaka 1895 na ya pili mwaka 1899. Moore hakuishia kwa yavuyavu. Aliokota pia makombe ya konokono wa ziwa hilo, akaona ni mazito, yenye miiba na mapambo, hayafanani na ya konokono wa maziwa mengine. Yalifanana na ya baharini, tena na visukuku vya bahari za kale za zama za Jurasiki. Akaunganisha mambo: yavuyavu wa bahari, konokono wa bahari, na ziwa refu mno ambalo sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Akahitimisha kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki bara baada ya bahari kujitoa. Mwaka 1903 alitoa kitabu kikubwa alichokiita Tatizo la Tanganyika.

Hebu msomaji jiulize, ungekuwepo wakati ule ungeipinga hoja hiyo? Mimi nadhani ningeikubali. Mtu amekwenda mwenyewe, ameona kwa macho yake, ameleta vielelezo, na kila kielelezo kinaelekea upande mmoja. Naam, lakini hoja nzuri hupimwa kwa yale inayoyalazimisha. Ikiwa yavuyavu yupo Tanganyika kwa sababu Tanganyika ilikuwa bahari, basi hatutarajii kumkuta mahali ambapo hapakuwa bahari katika zama hizo.

Akakutwa. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 yavuyavu wa jenasi hiyohiyo ya Limnocnida walionekana katika Ziwa Victoria, halafu katika Mto Niger kule Afrika Magharibi, halafu katika mito ya upande wa Zambezi, na mwaka 1911 akaelezwa mwingine wa mito ya India. Hapo hoja ya Moore ikaanza kuyumba. Ziwa Victoria si refu wala si la kutisha; mahali pake pa kina kirefu pana kama mita 80 tu. Na siku hizi imejulikana jambo kubwa zaidi. Wataalamu waliotoboa matope ya sakafu ya Victoria walikuta dalili kwamba ziwa lile lilikauka, likawa nyasi, kiasi cha miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita, kisha likajaa upya. Yavuyavu anayeishi humo hawezi kuwa mabaki ya bahari ya kale. Lazima aliingia baada ya maji kurudi, akitokea katika mito au maziwa mengine.

Jiolojia nayo ilitoa ushahidi wake. Bonde la Ufa, ambalo sisi wa Kilimatinde tunaishi ukingoni mwa tawi lake la mashariki, lina matawi mawili. Tukisimama juu hapa tukatazama chini kuelekea Kintinku na Bahi, tunaliona wenyewe: upande mmoja nchi imeinuka, upande mwingine imezama, na wakati wa masika maji hujikusanya kule chini. Huko magharibi ni tendo hilohilo, ila kuzama kumekuwa kukubwa zaidi kwa mbali na mvua ni nyingi zaidi. Ufa ulifunguka, mito ikauingilia, ziwa likajaa. Umri wa Tanganyika hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Zama za Jurasiki zilimalizika zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Hapakuwa na ziwa wakati ule la kuhifadhi kitu chochote.

Na makombe ya konokono je? William Cunnington, aliyeongoza safari ya utafiti ya mwaka 1904 na 1905, alifika kwenye rai tofauti na ya Moore: viumbe wa Tanganyika ni wa ajabu kwa sababu wamekaa peke yao muda mrefu katika ziwa kubwa, si kwa sababu ni mabaki ya bahari. Uchunguzi wa chembe za urithi uliofanywa miaka ya karibuni umeunga mkono rai hiyo. Konokono wale ni wazao wa konokono wa maji matamu wa Afrika. Makombe yao yalikuwa mazito kwa sababu ziwani wamo kaa na samaki wenye kuvunja makombe, na mwenye kombe jepesi haishi muda mrefu. Kufanana kwao na visukuku vya baharini ni sawa na kufanana kwa yavuyavu na tenofora. Sura ni moja, koo ni mbili.

BASI ALIPITA WAPI?

Haya, kama bahari haikuja ziwani, mnyama wa ukoo wa bahari anafikaje? Mfano ulio wazi kabisa tunao, na tena huuzwa sokoni Manyoni kwa kipimo: dagaa wa Kigoma. Dagaa wa Tanganyika ni wa jamii ya samaki wadogo ambao sehemu kubwa ya ndugu zao huishi baharini. Mwaka 2008 watafiti walichapisha uchunguzi wa urithi wa dagaa hao pamoja na jamaa zao wa mito ya Afrika. Walionyesha kwamba mababu wa dagaa waliingia bara kutokea upande wa Afrika Magharibi, kati ya miaka milioni 50 na milioni 25 iliyopita, wakati ambapo maji ya bahari yalipanda na kuingia ndani ya nchi. Bahari ilipojitoa, wao walibaki katika mito, wakazoea maji matamu kizazi baada ya kizazi, wakaenea mpaka bonde la Kongo, na mwisho wake wakafika Tanganyika. Walikuwa wakazi wa mito kwa miaka mingi mno kabla ziwa lenyewe halijakuwepo.

Tazama tofauti ya maelezo haya mawili. Moore alisema bahari ilikuja ziwani. Dagaa wanatuonyesha kwamba bahari iligusa bara mbali kabisa na hapa, na aliyefika ziwani ni mzao wa mzao, kwa njia ya mto. Ramani inaafiki, kwa kuwa Ziwa Tanganyika lina mlango wa kutokea maji, Mto Lukuga, unaopita Kalemie na kwenda kuungana na maji ya Kongo. Yavuyavu wetu, mwenye jamaa katika Niger na Zambezi na Victoria, anaonyesha picha ya namna hiyohiyo ya mnyama aliyeenea katika maji matamu ya Afrika, wala si mfungwa wa ziwa moja. Na polipu ni msafiri mzuri. Yule wa China aliyeonekana London ana uwezo wa kujikunja akawa kidonge kikavu, akasubiri, akasafiri na mimea, na maji yakirudi akaamka. Ndiyo sababu ameshaenea katika mabara yote isipokuwa bara la barafu la kusini.

Wakati mwingine, lakini, anayewasafirisha ni sisi wanadamu, na hapo ndipo madhara huanza. Kisa cha tenofora mmoja aitwaye Mnemiopsis ni cha kuzingatiwa na kila mtu anayekula dagaa. Kwao ni pwani za Marekani zinazoelekea Bahari ya Atlantiki. Meli kubwa zinapokuwa tupu hubeba maji ya bahari tumboni ili zisiyumbe, na zikifika zinakokwenda huyamwaga. Kwa njia hiyo Mnemiopsis alionekana katika Bahari Nyeusi mwaka 1982, akaongezeka kupita kiasi, akala chakula cha samaki wadogo pamoja na mayai yao, na mwishoni mwa miaka ya 1980 uvuvi wa huko ukaanguka vibaya. Kisha mwaka 1999 akaonekana katika Bahari ya Kaspi, ambayo imezungukwa na nchi kavu pande zote na chumvi yake ni kama theluthi moja ya chumvi ya bahari kuu. Alipitishwa na meli katika mfereji unaounganisha mito ya Don na Volga. Wavuvi wa Iran walikuwa wakiishi kwa samaki mdogo aitwaye kilka, ambaye kwa ukoo ni ndugu wa dagaa. Katika miaka michache mavuno yao yalishuka kwa zaidi ya nusu. Bahari Nyeusi ilipata nafuu baada ya mwaka 1997, alipoingia yule Beroe mlaji wa tenofora, naye pia hakualikwa.

Katika Tanganyika, yavuyavu na dagaa wameishi pamoja muda mrefu, wakila viumbe walewale wadogo, na dagaa hawakuisha. Linalotishia dagaa ni jambo jingine. Rutuba ya ziwa imelala chini, kwenye yale maji yasiyo na oksijeni, na hupandishwa juu hasa na upepo wa kusi unaovuma kati ya Mei na Septemba, mfano wa mtu anayekoroga uji ili sukari iliyozama ipande. Maji ya juu yakizidi kuwa ya moto huwa mepesi, hayachanganyiki kirahisi na ya chini. Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba ziwa limepata joto na kukoroga kumepungua, wakakadiria kuwa uzalishaji wa mwani umeshuka kwa kama asilimia 20 na kwamba samaki wanaoweza kupatikana wamepungua kwa kama asilimia 30. Juu ya hayo kuna nyavu zenye macho madogo na wavuvi wanaoongezeka. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika upande wetu wa ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana.

Mwanafunzi atakayejaaliwa kufika Kigoma, kwa ile reli inayopita Manyoni na ambayo ilifika ziwani mwaka 1914 au kwa basi, na awaulize wavuvi ni wakati gani wanaonekana kwa wingi. Asimtoe yavuyavu majini kwa mkono, kwa maana atabakiwa na ute kiganjani na hataona kitu. Achukue chupa ya kioo safi, aizamishe taratibu chini ya mnyama mpaka aingie pamoja na maji yake, kisha aiinue dhidi ya mwanga. Ataona mwavuli unafunga na kufungua, na katikati duara pana la mdomo. Na akitazama vizuri kandokando ya duara hilo anaweza kuona vitone vidogo vilivyoshikilia, ambavyo ni wachanga wanaochipua. Dakika chache zinatosha. Kisha amrudishe alikotoka, na maji ya chupa yamwagwe ziwani humohumo, yasibebwe kwenda kumwagwa katika bwawa jingine.